Fleti ya Ushirika ya Kabla ya Vita: Maelezo ya Istilahi za Umiliki wa Nyumba

Utangulizi

Yapo mafungu ya maneno ambayo kila neno lake lina kisawe cha Kiswahili kinachojulikana, lakini visawe hivyo vikipangwa pamoja havitoi maana iliyokusudiwa. Mfano mmojawapo ni tangazo la mawakala wa nyumba wa jiji la New York, Marekani, wanapouza fleti kubwa, ya ushirika, ya kabla ya vita, katika mtaa wa kitajiri. Mfasiri hatapata shida ya kupata neno la "ushirika", wala la "vita", wala la "mtaa". Hata hivyo, msomaji wa Dodoma au wa Mombasa akiisoma tafsiri hiyo, atafikiria chama cha wakulima wa kahawa, atajiuliza ni vita vipi vinavyotajwa, na mwishowe atadhani kwamba mnunuzi amepata nyumba yake mwenyewe. Katika mambo yote matatu atakuwa amepotoshwa.

Makala haya yana makusudi mawili. Kwanza, kueleza kitu chenyewe kama kilivyo huko kwao, maana hapana istilahi nzuri inayoweza kuundwa kabla ya dhana kueleweka. Pili, kupendekeza maneno yatakayowafaa wafasiri, walimu na watumishi wa serikali.

Huenda msomaji akauliza: fleti za matajiri wa New York zatuhusu nini? Zatuhusu kwa sababu mbili. Waswahili wengi siku hizi wanaishi Marekani, na hati zao za mikopo, mirathi na talaka hurudi nyumbani kutafsiriwa. Tena, maneno haya haya twayahitaji hapa kwetu. Tanzania ilitunga mwaka 2008 sheria ya umiliki wa sehemu za majengo, na Kenya ikatunga sheria yake mpya ya jambo hilo mwaka 2020. Miji yetu inajengwa kwenda juu, na watu wengi watamiliki, au watadhani wanamiliki, sehemu ya jengo ambalo si lao peke yao.

Fleti, ghorofa na jumba

Tuanze na neno la msingi. "Ghorofa" limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya chumba. Katika Kiswahili limekuja kuwa na maana ya daraja moja la jengo, na katika mazungumzo ya kila siku hutumiwa hata kwa jengo zima. Kwa hiyo "amenunua ghorofa" yaweza kueleweka kuwa amenunua jengo, ama daraja moja tu. "Jumba" nalo ni nyumba kubwa. Wakazi wa Dar es Salaam wa makamo wanakumbuka "nyumba za Msajili", yaani zile zilizokuwa chini ya Msajili wa Majumba tangu 1971 mpaka ofisi hiyo ilipounganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Maneno haya mawili hayafai kwa makazi ya familia moja ndani ya jengo la familia nyingi.

Neno linalofaa ni "fleti", ambalo limekwisha kuzoeleka. Ni jambo la kupendeza kwamba Wamarekani wenyewe walianza na neno hilo hilo. Jengo lililojengwa New York miaka ya 1869 na 1870 kwa michoro ya Richard Morris Hunt, katika Mtaa wa 18 upande wa mashariki, lilikuwa miongoni mwa majengo ya kwanza ya aina hiyo kwa watu wenye uwezo, nao wakaziita fleti za Kifaransa. Kabla ya hapo, kukaa nyumba moja na familia nyingine kulihesabiwa kuwa ni dalili ya umaskini. Dakota, jengo lililokamilika mwaka 1884 mkabala na bustani ya Central Park, lilisaidia kuiondoa aibu hiyo. Jengo la 998 Fifth Avenue, lililokamilika mwaka 1912, liliwavuta hata matajiri waliokuwa na majumba yao binafsi.

"Kabla ya vita": vita vipi?

Kwa Mtanzania, neno "vita" bila maelezo lina wenyewe wengi. Mzee wa Songea aweza kufikiria Maji Maji ya 1905 hadi 1907. Mtu wa Bukoba atafikiria vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Mwalimu wa historia atakumbuka mapigano ya Waingereza na Wajerumani ya 1914 hadi 1918. Wakala wa nyumba wa New York hana habari na vita hivyo vyote. Kwake yeye vita ni Vita vya Pili vya Dunia, na jengo la kabla ya vita ni lile lililojengwa takriban kati ya mwanzo wa karne ya ishirini na mwaka 1940.

Lakini tarehe peke yake haitoshi. Katika lugha ya biashara hiyo, maneno hayo yametoka kwenye maana ya wakati yakaingia kwenye maana ya sifa. Yanamwahidi mnunuzi kuta nene zilizopigwa lipu, zisizopitisha kelele za jirani. Dari iliyo juu, aghalabu futi 9 hadi 11, ilhali majengo mengi ya baada ya vita yana futi 8. Sakafu ya vipande vya mbao vilivyopangwa kwa mshazari. Meko ya kuotea moto sebuleni. Na mabomba ya mvuke ya kupasha nyumba joto wakati wa baridi. Yanamwonya pia, ingawa wakala hatalisema hilo: mabomba ni ya zamani, nyaya za umeme aghalabu ni chache kwa mahitaji ya leo, na ukarabati ni ghali.

Mfasiri akiandika "fleti ya zamani" atakuwa amegeuza sifa kuwa kasoro, maana kwetu nyumba ya zamani ni nyumba iliyochakaa. Akiandika "fleti ya kale" atakuwa ameipeleka Kilwa Kisiwani. Njia iliyo salama ni kutaja vita kwa jina lake mara ya kwanza, yaani "iliyojengwa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia", na baada ya hapo kutumia "ya kabla ya vita".

Hesabu ya vyumba

Hapa nako kuna mtego. Mawakala wa New York wana msemo ambao kwa tafsiri ya neno kwa neno ni "sita ya jadi". Maana yake ni fleti yenye sebule, chumba cha kulia chakula, jiko, vyumba viwili vya kulala, na chumba kidogo cha mtumishi kando ya jiko. Bafu hazihesabiwi, wala ukumbi wa kuingilia. Ikiongezwa chumba cha tatu cha kulala, inakuwa "saba ya jadi".

Sasa mfasiri akiandika "nyumba ya vyumba sita", msomaji wetu ataelewa moja kati ya mambo mawili. Ama atafikiria vyumba sita vya kulala, kwa kuwa watu wengi huhesabu vyumba vya kulala tu. Ama atafikiria nyumba ya Kiswahili yenye korido katikati na vyumba vitatu kila upande, ambamo kila chumba chaweza kuwa na mpangaji wake. Tafsiri nzuri ni ile inayotaja vyumba vyenyewe, hasa kusema kwamba vya kulala ni viwili.

Kwa ukumbi wa kuingilia hatuna haja ya kukopa, kwani neno "ukumbi" lilikuwa na maana hiyo kabla halijahamia kwenye mikutano na dansi. Chumba cha mtumishi nacho kiitwe hivyo hivyo. Si vizuri kukipamba kwa jina la "chumba cha wageni", hata kama leo kimegeuzwa ofisi, kwa sababu udogo wake na mahali kilipo vinaeleza jamii iliyokijenga: mtumishi alikuwa na lifti yake na mlango wake wa nyuma, asikutane na bwana wake ukumbini.

Ushirika: neno lenye historia mbili

Tunafika sasa kwenye kiini cha maelezo haya. Katika fleti ya ushirika, mnunuzi hanunui fleti. Mwenye jengo, pamoja na kiwanja chake, ni kampuni. Mnunuzi hununua hisa za kampuni hiyo. Idadi ya hisa hutegemea ukubwa wa fleti na mahali ilipo katika jengo. Pamoja na hisa hupewa mkataba wa upangaji, unaomruhusu kukaa katika fleti fulani maadamu anazo hisa hizo na anatimiza masharti. Yeye ni mwanahisa na mpangaji kwa wakati mmoja: ni mpangaji wa kampuni ambayo yeye mwenyewe ni mmoja wa wenyewe.

Kwa sheria ya huko, hisa hizi ni mali inayohamishika, si ardhi. Aina nyingine ya umiliki, inayoitwa kondominia, ndiyo inayompa mnunuzi hati ya sehemu yake ya jengo. Hiyo iliruhusiwa kwa sheria ya jimbo la New York mwaka 1964, na ndiyo iliyo karibu na sheria zetu za umiliki wa sehemu za majengo. Mfasiri asizichanganye.

Tutoe mfano wa kubuni ili hatari ionekane. Tuseme mzee mmoja amefariki New York, na mpwa wake aliyeko Tanga ameletewa barua ya wakili. Mfasiri ameandika: "Umerithi nyumba." Mpwa anafurahi, anaamua kumpangisha mtu na kuishi kwa pango hilo. Kwa kweli amerithi hisa. Kila mwezi zinadaiwa fedha za uendeshaji. Kupangisha kwahitaji idhini ya bodi, na hata yeye mwenyewe akitaka kuhamia hapo, huenda akahitaji idhini hiyo. Asipolipa, kampuni yaweza kuuvunja mkataba wa upangaji na kuziuza hisa. Miezi inapita, barua za madai zinafika, naye anazipuuza kwa kuwa anajua nyumba ni yake. Neno moja lililotafsiriwa kwa pupa limempotezea urithi.

Je, mpango huu tuuite "ushirika"? Wako watakaopinga. Katika Tanzania neno hili lilikua pamoja na vyama vya wakulima, kama kile cha Kilimanjaro, KNCU, kilichoundwa mwaka 1933. Lilipata heshima katika siasa ya ujamaa. Lilipata jeraha vyama vikuu vilipovunjwa mwaka 1976, na likarudi na sheria ya mwaka 1982. Ndani yake mna wazo la wanyonge kuunganisha nguvu. Kuliazima kwa mabwanyenye wa Park Avenue, watasema, ni kulidhalilisha.

Hoja hii ina uzito, lakini historia ya New York yenyewe yaijibu kwa sehemu. Ni kweli kwamba ushirika wa kwanza wa nyumba mjini humo, jengo la Rembrandt la mwaka 1881, ulikuwa wa watu wenye mali. Mwasisi wake, Philip Hubert, aliuita klabu ya nyumba. Lakini mwaka 1916 wahamiaji wa Kifini waliokuwa wafanyakazi walijenga ushirika wao huko Brooklyn, na mwaka 1927 chama cha wafanyakazi wa viwanda vya nguo kikafungua nyumba za ushirika katika Bronx. Huko huko Bronx, tangu mwaka 1968, watu walianza kuhamia Co-op City, mradi wenye fleti 15,372 kwa ajili ya watu wa kipato cha wastani. Muundo wa kisheria wa majengo hayo yote unakaribiana, na neno linalotumiwa ni lile lile moja. Mfasiri hana mamlaka ya kuligawa neno ambalo wenyewe hawakuligawa. Tofauti kati ya ushirika wa fundi cherehani na ushirika wa tajiri ieleweke kwa maelezo, siyo kwa kubadili istilahi.

Kwa hiyo twapendekeza "ushirika wa nyumba", na tusiseme "ushirika" peke yake.

Kodi, pango, mchango na ada

Katika masuala ya fedha Kiswahili chetu kina udhaifu mmoja ambao hauna budi kuangaliwa: neno "kodi" hutumiwa kwa malipo ya mpangaji kwa mwenye nyumba, na pia kwa malipo ya raia kwa serikali. "Kodi ya nyumba" yaweza kuwa mojawapo. Katika hati za ushirika wa nyumba malipo yote mawili hutokea, tena katika ukurasa mmoja. Kwa hiyo twapendekeza "pango" kwa malipo ya upangaji, na "kodi" libaki kwa ya serikali.

Mwanahisa hulipa kila mwezi fedha ambazo kwa Kiingereza cha New York huitwa kwa neno lenye maana ya matengenezo. Kulitafsiri hivyo ni kosa. Fedha hizo ni fungu lake la gharama zote za jengo: kodi ya majengo inayodaiwa na jiji, riba ya rehani ambayo kampuni imeliwekea jengo zima, mishahara ya mabawabu na msimamizi wa jengo, mafuta ya kupashia joto, bima, na matengenezo yakiwemo. Jina linalofaa ni "mchango wa uendeshaji".

Hatari ya rehani hiyo ya jengo zima ilionekana wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi wa miaka ya 1930. Wanahisa waliofilisika waliacha kulipa, mzigo wao ukawaangukia waliobaki, nao wakashindwa. Vyama vingi vya ushirika wa nyumba vikaanguka, majengo yakachukuliwa na wakopeshaji. Huu ndio ushirika kwa maana yake kamili: deni la jirani ni deni lako. Kwa hiyo tutenge "rehani ya jengo", ambayo ni ya kampuni, na "mkopo wa hisa", ambao mnunuzi huuchukua mwenyewe kwa kuweka hisa zake dhamana.

Tena kuna malipo ambayo muuzaji hutozwa anapouza hisa zake, mara nyingi asilimia 1 hadi 3 ya bei. Kwa mazoea huitwa kodi, lakini serikali haipati hata senti moja. Fedha huingia katika mfuko wa ushirika. Mtumishi wa serikali akisoma "kodi" katika tafsiri ataihesabu kuwa ni ya serikali. Tuiite "ada ya uhamisho wa hisa".

Bodi na uwezo wake

Wanahisa huchagua bodi ya wakurugenzi kutoka miongoni mwao. Hapo zamani tungeweza kusema "halmashauri", lakini neno hilo sasa limeshikwa mno na serikali za mitaa, "bodi" linatosha. Mtu anayetaka kununua hupeleka kwa bodi taarifa za mapato yake, madeni yake na barua za kumdhamini, kisha huitwa kusailiwa. Bodi za majengo ya kitajiri huweza kumtaka alipe nusu ya bei kwa fedha taslimu, au bei yote. Kwa muda mrefu bodi zimekuwa na uwezo wa kumkataa mtu bila kumweleza sababu. Mwaka 1979 hata Richard Nixon, aliyekuwa amekwisha kuwa Rais wa Marekani, alikataliwa na ushirika wa nyumba wa New York.

Mpaka wa uwezo huo ni sheria inayokataza ubaguzi. Sheria ya Marekani ya mwaka 1968 ilipiga marufuku kumnyima mtu nyumba kwa sababu ya rangi, dini au asili yake. Ilihitajika, kwani kabla ya hapo Wayahudi na watu weusi walizuiwa katika majengo mengi. Lakini mahali ambapo sababu haitajwi, ubaguzi ni vigumu kuuthibitisha. Mfasiri anayeandika kwamba bodi "inamkaribisha mwanachama mpya" ameficha jambo hili. Aseme "inamkubali au kumkataa mwombaji".

Mtaa wa kitajiri

Mitaa ya Upper East Side na Upper West Side ipo kila upande wa Central Park. Neno la kwanza la majina hayo halina maana ya mwinuko wala ya hadhi. Maana yake ni upande wa kaskazini wa kisiwa cha Manhattan. Yasitafsiriwe. Kuita mtaa wa aina hiyo "uzunguni" ni kosa pia, kwa sababu neno hilo limebeba historia ya miji ya kikoloni iliyogawa watu kwa rangi. Na "ushuani" ni neno la vijana, halijafaa kwa hati. "Mtaa wa kitajiri" laeleweka na latosha.

Mapendekezo

Kwa muhtasari, maneno tunayopendekeza ni haya:

(a) fleti – makazi ya familia moja ndani ya jengo la makazi mengi;
(b) ya kabla ya vita – iliyojengwa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia; vita vitajwe kwa jina mara ya kwanza;
(c) ushirika wa nyumba – kampuni inayomiliki jengo kwa niaba ya wakazi wenye hisa;
(d) mwanahisa-mpangaji – mkazi mwenye hisa katika kampuni hiyo;
(e) mkataba wa upangaji wa mwanahisa – hati inayompa haki ya kukaa; isiitwe "hati ya kumiliki";
(f) mchango wa uendeshaji – malipo yake ya kila mwezi;
(g) rehani ya jengo, na mkopo wa hisa – deni la kampuni, na deni la mwanahisa;
(h) ada ya uhamisho wa hisa – malipo ya muuzaji kwa ushirika;
(i) pango, na kodi – la kwanza kwa upangaji, la pili kwa serikali;
(j) umiliki wa sehemu ya jengo – ule wa kondominia, wenye hati.

Kwa maneno hayo, tangazo tulilolitaja mwanzoni laweza kuandikwa hivi: "Zinauzwa hisa za ushirika wa nyumba, pamoja na haki ya kukaa katika fleti kubwa yenye vyumba viwili vya kulala, chumba cha kulia chakula na chumba cha mtumishi, katika jengo la kabla ya Vita vya Pili vya Dunia lililopo mtaa wa kitajiri. Mnunuzi sharti akubaliwe na bodi." Ni refu kuliko la awali, wala halina mvuto wa kibiashara. Lakini anayelisoma anajua anachonunua.

Hitimisho

Haya ni mapendekezo, si istilahi zilizokwisha kusanifiwa. Wafasiri wa mahakama, maofisa wa ardhi na walimu wa sheria ndio watakaoyajaribu katika kazi zao za kila siku, na wao ndio watakaoona yanapopwaya. Hasa tungependa kupata maoni juu ya (d) na (e), ambayo ni marefu na huenda yakapata mbadala mwepesi zaidi katika lugha ya wenyeji wa pwani au ya wapangaji wa mijini. Wasomaji wanaombwa watuletee maneno wanayoyasikia, pamoja na mifano ya sentensi na mahali yanapotumika.